Masika Yameanza, Moyo Haujalimwa



Dominika iliyopita tulikuwa katika kigango kimoja upande wa Muleba kuadhimisha Misa Takatifu. Tulikuwa tumefika katikati ya mahubiri, tukieleza jinsi Bwana wetu alivyokaa jangwani siku 40, mara mvua ya kwanza kubwa ya masika ikashuka juu ya paa. Kila anayeishi Bukoba na Muleba anajua maana yake. Mvua yetu ikipiga mabati yasiyo na dari, hata kipaza sauti husalimu amri. Tulijaribu kupaza sauti, tukashindwa, tukaenda kuketi. Dakika za kwanza watu walitazamana, vijana wakatoa simu mifukoni, watoto wakacheka. Kisha, polepole, kanisa likatulia. Mama mmoja akafumba macho. Mzee aliyekaa karibu na dirisha akainamisha kichwa. Tulikaa hivyo kama robo saa. Mvua ilipopungua hatukurudia mahubiri, bali tulisimama wote kusali Nasadiki. Baada ya Misa bibi mmoja alitushika mkono, akasema kwa ucheshi: "Baba Paroko, leo umehubiri vizuri kuliko siku zote."

Tulicheka naye. Lakini njiani kurudi neno lile lilituchoma. Je, ni lazima Mwenyezi Mungu atume mvua ya mawe ili watoto wake wanyamaze robo saa? Na kama robo saa ile iliwagusa watu kuliko mahubiri tuliyoyaandaa juma zima, kwa nini hatuipi nafasi kila siku? Ndilo suala tunalotaka kulisema wiki hii, na tunaomba radhi mapema kwamba tutalisema bila kupaka asali.

Tunalosema ni hili: Kwaresima yetu imekuwa ya kelele, na imekuwa ya kelele kwa sababu tunauogopa ukimya. Hatukosi muda wa kutafakari Neno la Mungu kila siku. Tunakosa ujasiri wa kubaki peke yetu mbele yake.

Tuanze na majira, maana majira yenyewe yanatuhukumu. Wakristo wa Ulaya huipokea Kwaresima wakati baridi inaondoka na miti inaanza kuchipua. Hata neno ambalo Waingereza hulitumia kuitaja Kwaresima, Lent, hapo kale lilimaanisha majira hayo ya kuchipua. Sisi tunaokaa karibu kabisa na mstari wa Ikweta hatuna theluji ya kuyeyuka wala miti iliyokufa kwa baridi. Sisi tuna mvua. Kikipita kiangazi kifupi cha Januari na Februari, masika huingia, na kila mtu mwenye kibanja anajua la kufanya bila kuhimizwa na mtu: maharage yanapandwa chini ya migomba, nyasi zinakatwa na kutandazwa, samadi inatolewa zizini. Hatujapata kumsikia mkulima wa Kamachumu au wa Kashozi akisema, "Mvua imeanza, lakini nitapanda nikipata nafasi." Anajua kwamba mvua haimngoji. Lakini mkulima huyo huyo, ambaye hawezi kuichelewesha mbegu ya maharage hata juma moja, anaiahirisha mbegu ya Neno la Mungu mwaka hadi mwaka, na anajiona mwamini mzuri kwa sababu Jumatano ya Majivu alipakwa majivu.

Kutafakari ni nini? Wapo wanaodhani ni jambo la wasomi. La hasha. Sisi Wahaya, na sisi tuliokuja kuishi kati ya Wahaya, tunayo picha nzuri kuliko ya vitabuni. Mgeni akifika nyumbani huletewa kahawa ya kutafuna. Haimezwi kama kidonge, wala hainywewi haraka kama maji. Inawekwa kinywani, inatafunwa taratibu, mazungumzo yanaendelea, na ladha inatoka kidogo kidogo. Wazee wetu walipofunga udugu wa damu, waliufunga kwa buni ya kahawa. Watawa wa kale, ambao hawakuwahi kuiona kahawa yetu, walisema jambo hilo hilo: kutafakari ni kulitafuna Neno, kulicheua kama ng'ombe anavyocheua majani. Katika karne ya 12 mmonaki mmoja Mkartusi, Guigo wa Pili, aliandika juu ya ngazi yenye vipandio vinne: kusoma, kutafakari, kusali, na taamuli, yaani kutulia tu mbele ya Mungu tukimtazama. Kusoma ni kuiweka kahawa kinywani. Kutafakari ni kuitafuna. Kusali ni kuomba na kushukuru kwa ladha tuliyoionja. Kutulia ni kufurahi pamoja na mwenyeji wetu, hata maneno yakiisha.

Basi tuzitazame sababu tunazozitoa za kutofanya hivyo, moja baada ya nyingine.

Sababu ya kwanza ni kwamba hatuna nafasi. Ndugu wapendwa, tuseme kweli. Ni nani kati yetu aliyewahi kusema hana nafasi ya senene? Msimu wao unapofika tunakesha, tunawasha taa, tunasimamisha mabati na mapipa, na asubuhi tunakwenda kazini na macho mekundu bila kulalamika. Vijana wetu wanakaa katika kibanda umiza dakika 90, na nyongeza, kutazama timu za Uingereza ambazo hata hazijui kwamba Muleba ipo. Akina mama na akina baba kwa pamoja tunapitia ujumbe wa makundi ya WhatsApp mpaka bando linakwisha. Hatulaani senene wala mpira, na simu tunayo hata sisi. Tunapiga hesabu tu. Siku moja ina dakika 1,440. Zaka ya siku, kama tungeitoa kwa muda tunavyoitoa kwa mavuno, ingekuwa saa 2 na dakika 24. Hatuwaombi hizo. Tunawaomba dakika 15, ambazo ni kama sehemu moja tu katika mia. Kwa siku 40 zinafika saa 10. Asiyeweza kumpa Mungu saa 10 katika Kwaresima nzima asiseme hana nafasi, bali aseme hataki, na kuanzia hapo tunaweza kuzungumza naye vizuri zaidi.

Hata hivyo, wapo ambao kweli nafasi yao imeporwa, na hao hatuwalaumu. Mama anaamka kabla ya jogoo, anachota maji, anapika, anawaandaa watoto kwenda shule, anakwenda shambani akiwa na mtoto mgongoni, na jioni mambo ni yale yale. Kwa huyo tunasema maneno mawili. La kwanza ni kwa mumewe: baba, toa robo saa yako. Mbebe mtoto, angalia moto, ili mkeo aketi na Bwana wake. Huo ni mfungo mzuri kuliko kuacha rubisi siku 40 huku ukimwachia mkeo mzigo wote. La pili ni kwa mama mwenyewe: kibanja chako ni kanisa. Kitabu cha Mwanzo, katika sura ya 24, kinasimulia jinsi Isaka alivyotoka kwenda kondeni jioni, na tafsiri nyingi zinatuambia alikwenda kutafakari. Hakuwa monasterini. Alikuwa shambani, na alikuwa anamngoja mchumba.

Sababu ya pili ni kwamba kutafakari ni kazi ya masista na mapadre. Kosa hili ni la zamani, na Kanisa lililijibu zamani. Mwaka 1609 Askofu Fransisko wa Sales alitoa kitabu chake juu ya maisha ya ibada, akawaandikia watu wanaoishi mjini, katika ndoa na katika kazi zao, akiwafundisha kutafakari kila siku kwa namna inayolingana na hali ya kila mmoja. Na tusiende mbali. Laurean Rugambwa, aliyezaliwa Bukongo, Kamachumu, tarehe 12 Julai 1912, Askofu wa Rutabo, akafanywa Kardinali mwaka 1960, alikuwa miongoni mwa mababa wa Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Tarehe 18 Novemba 1965 Mtaguso huo ulitoa hati juu ya Ufunuo wa Mungu, na katika namba 25 uliwahimiza Wakristo wote, siyo watawa peke yao, wayasome Maandiko mara kwa mara, na usomaji huo uambatane na sala. Tunajivunia Kardinali wetu. Mwaka 2012 masalia yake yaliporudishwa Bukoba tulijaa kumpokea. Lakini tutajivuniaje mtu huku tukiyapuuza yale ambayo Mtaguso alioushiriki ulituagiza?

Sababu ya tatu inatolewa kwa hofu: wengine wanatuambia kwamba kutafakari ni mambo ya dini za Mashariki, ni mlango wa pepo. Tunaheshimu tahadhari hiyo, lakini haina msingi pale tunapozungumza juu ya tafakari ya Kikristo. Tarehe 15 Oktoba 1989 Idara ya Mafundisho ya Imani, iliyokuwa ikiongozwa na Kardinali Ratzinger, ambaye baadaye alikuwa Papa Benedikto wa Kumi na Sita, iliwaandikia maaskofu juu ya jambo hili hili. Haikukataa kila kitu kitokacho kwingine, ila ilionya kwamba utulivu wa mwili usidhaniwe kuwa ndio Roho Mtakatifu, na kwamba sala ya Mkristo daima ni kukutana na Mungu aliye hai kwa njia ya Kristu. Sisi hatuketi ili tuondoe mawazo yote kichwani tubaki kama chungu kitupu. Tunaketi ili tumsikilize Mtu. Bikira Maria aliyaweka mambo yote moyoni akiyatafakari, anatuambia Mtakatifu Luka. Nani atathubutu kusema Mama Maria alifungua mlango wa pepo?

Sababu ya nne ndiyo ya wacha Mungu wenyewe, na kwa hiyo ndiyo ngumu: "Baba, mbona tunasali sana? Tuna Rozari, Njia ya Msalaba, novena, jumuiya kila juma, na mikesha." Ni kweli, na tunawapongeza. Hatutaki mtu aweke Rozari kando. Lakini Papa Yohane Paulo wa Pili, katika barua yake juu ya Rozari ya tarehe 16 Oktoba 2002, alikumbusha kwamba Rozari isiyo na tafakari ni kama mwili usio na roho. Tujiulize tunavyoisali katika jumuiya zetu. Salamu Maria ya pili inaanza kabla ya ile ya kwanza kwisha, tunakimbizana kama watu wanaoogopa mvua, kwa sababu baada yake kuna ajenda ya michango. Midomo imesali. Je, moyo ulikuwepo?

Na hapa tunafika kwenye ugonjwa wenyewe. Tumezoea kumtafuta Mungu katika makubwa tu. Mwaka 2011 watu kutoka pembe zote za nchi walisafiri hadi Samunge, Loliondo, wakangoja siku nyingi kwenye msururu wa magari ili wanywe kikombe kimoja. Hatuwacheki, kwa maana mgonjwa hutafuta uzima popote. Tunashangaa tu kwamba mtu anayeweza kumngoja Mungu siku 4 barabarani hawezi kumngoja dakika 15 nyumbani kwake. Tarehe 10 Septemba 2016 ardhi yetu ya Kagera ilitetemeka, nyumba zikaanguka, ndugu zetu wakapoteza maisha. Dominika zilizofuata makanisa yalijaa. Miezi michache baadaye mabenchi yalikuwa na nafasi kama kawaida. Nabii Eliya alisimama mlimani, ukapita upepo mkali, likapita tetemeko la ardhi, ukapita moto, na Bwana hakuwamo. Alikuwa katika sauti ndogo ya utulivu iliyofuata. Sisi tulimtafuta wakati wa tetemeko, na sauti ile ndogo ilipokuja hatukuwepo, tulikuwa tumesharudi kwenye kelele zetu.

Kwa nini tunazipenda kelele? Kwa sababu ukimya unasema. Tuwasimulie jambo moja, na mwenyewe ametukubalia mradi tusimtaje. Ndugu wawili wa tumbo moja waligombana juu ya mpaka wa kibanja walichoachiwa na baba yao. Mmoja alidai mwenzake aling'oa milamula ya mpaka usiku akaipanda hatua mbili ndani. Kesi ilikwenda barazani, ikarudi, ikaenda tena. Miaka 6 hawakusalimiana. Mkubwa wao hakukosa Njia ya Msalaba hata Ijumaa moja, alifunga, alitoa sadaka, na aliimba vizuri. Kwaresima moja tulimwomba achukue aya mbili tu za Injili ya Matayo, sura ya 5, zile ambamo Bwana anamwambia anayeleta sadaka altareni aiache kwanza, aende kupatana na ndugu yake. Tulimwomba akae nazo robo saa kila alfajiri, asiongeze chochote.

Siku ya kwanza, alituambia baadaye, alimfikiria jirani yake, jinsi aya zile zinavyomfaa. Siku ya tatu alimfikiria mdogo wake, jinsi anavyopaswa kuja kuomba msamaha. Siku ya sita alichukia, akataka kubadilisha somo. Siku ya tisa alifunga Biblia, akaketi, na kwa mara ya kwanza akakumbuka yale aliyoyasema yeye mwenyewe mbele ya watu siku ya matanga ya baba yao. Aliondoka kwenda kwa mdogo wake mvua ikinyesha. Hatutawadanganya kwamba yote yalikwisha siku ile. Mpaka bado una maneno. Lakini wanasalimiana, na mama yao alipofariki walibeba jeneza pamoja. Ijumaa zote za miaka 6 hazikuweza kufanya kilichofanywa na alfajiri 9 za ukimya. Siyo kwamba Njia ya Msalaba haina nguvu. Alikuwa anapita katikati ya vituo vyote 14 bila kusimama hata kimoja.

Ndiyo maana tunaogopa. Tunajua kwamba tukinyamaza tutasikia jina la mtu fulani, deni fulani, neno fulani tulilolisema.

Lakini tusije tukawanyooshea waamini kidole na kujisahau. Sisi mapadre ndio tuliowafundisha kelele. Ni sisi tunaosoma matangazo marefu kuliko Injili. Ni sisi tunaojua ni nani hajalipa mchango wa ujenzi, lakini hatujui ni nani ameshindwa kusali tangu mtoto wake afariki. Ni sisi tunaotoka Komunyo kwenda moja kwa moja kwenye taarifa ya kamati, wakati Maelekezo ya Jumla ya Misale ya Kiroma, katika namba 45, yanataka pawe na ukimya mtakatifu baada ya mahubiri na baada ya Komunyo. Na kuna asubuhi ambazo tumewapa ninyi neno ambalo sisi wenyewe hatukulitafuna. Mmelijua, maana halikuwa na ladha. Kwa hilo tunaomba msamaha, na siyo kwa maneno matupu: kuanzia Dominika ijayo, katika parokia na vigango vyote, patakuwa na ukimya baada ya mahubiri na baada ya Komunyo, na matangazo yatabandikwa ubaoni. Mkituona tumesahau, mtukumbushe.

Nanyi, tunawaomba muanze kesho. Msingoje Jumapili, wala msingoje kazi za masika ziishe, kwa sababu zikiisha hizo itakuja kahawa, na baada ya kahawa vitakuja vingine. Chagueni saa moja isiyobadilika. Marko anasimulia kwamba Bwana wetu mwenyewe aliamka alfajiri na mapema, kungali giza, akaenda mahali pasipo watu, na siku iliyotangulia alikuwa amewahudumia wagonjwa mpaka usiku. Zimeni simu. Fanyeni ishara ya msalaba. Someni Injili ya siku, mistari michache, mara mbili. Mmoja asiyejua kusoma asomewe na mjukuu wake jioni, abaki na neno moja la kulalia. Shikeni neno lililowagusa au lililowaudhi, hasa lililowaudhi. Litafuneni. Mwambieni Mungu mnachokiona. Kisha nyamazeni dakika chache. Mawazo yakikimbilia sokoni, yarudisheni taratibu kama mtu anayerudisha mbuzi aliyeingia kwenye maharage, bila kumpiga. Malizeni kwa Baba Yetu, na nendeni na jambo moja dogo la kutenda siku hiyo.

Kutakuwa na siku kavu ambapo hamtasikia lolote. Msiogope. Aliyepanda maharage hafukui kila asubuhi kutazama kama yameota. Mvua ni ya Mungu, mbegu ni ya Mungu. Ya kwetu ni kuulima moyo, na kuulima mapema.

Mama wa Huruma atuombee. Tunawatakia ninyi nyote Kwaresima njema, ya ukimya na ya upatanisho. Mungu awabariki: Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu. Amina.